Mchungaji Mwema au Dorkasi: Picha Ipi Iwekwe Kwenye Dirisha la Ukumbusho?

Michoro miwili imetandazwa juu ya meza ambayo marehemu mama alikuwa akikatia vitambaa. Upande wa kulia yuko Mchungaji Mwema na kondoo mabegani. Upande wa kushoto ni Dorkasi wa Yafa, mshona nguo wa Agano Jipya, na wajane waliomzunguka wakiwa na kanzu mikononi. Kanisa letu hapa Nairobi limeipa familia nafasi ya dirisha moja la vioo vya rangi kwa kumbukumbu ya mama, na wazee wa kanisa wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka yangu mkubwa anamtaka Mchungaji. Shangazi hajasema lolote, na mtu anayemjua shangazi anaelewa kwamba kimya chake ni kura.

Mama alishona sare za shule pale Uhuru Market, Barabara ya Jogoo, mpaka macho yalipomkatalia. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu uamuzi wote umezunguka hapo. Lakini nimejifunza mengi kwa miezi hii michache, na najua ziko familia nyingine zilizoketi na kamati ya kanisa zikiulizwa swali hilihili bila mtu wa kuzieleza. Basi nawawekea picha hizi bega kwa bega.

Kabla ya picha, tazama ukuta

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuchagua picha kabla ya kujua dirisha litakaa ukuta gani. Dirisha la vioo vya rangi halina nuru yake lenyewe. Linaazima kwa jua, na jua la Nairobi si la Ulaya ambako sanaa hii ilikomaa. Kule, ukuta wa kaskazini hupata jua la moja kwa moja kwa nadra sana. Sisi tuko takriban digrii moja na robo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutembelea pande zote mbili: kuanzia katikati ya Machi mpaka mwishoni mwa Septemba huegemea kaskazini, na miezi iliyobaki huegemea kusini. Mama alituacha mwezi wa Novemba. Dirisha lake likiwekwa ukuta wa kusini, siku ya kumbukumbu yake jua litakuwa upande huo. Likiwekwa kaskazini, siku hiyo litapata mwanga wa anga peke yake.

Hata hivyo, kuta hizo mbili zina shida: saa sita mchana jua letu liko karibu na utosi, na paa lililochomoza nje ya ukuta huliziba. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio hupata jua la chini, linaloingia moja kwa moja na kumwaga rangi sakafuni. Dirisha la mashariki huwaka wakati wa ibada ya kwanza ya Jumapili. La magharibi huwaka jioni, wakati wa mazoezi ya kwaya. Usiku yote huwa meusi kwa aliye ndani, kwa hiyo waumini wa kesha hawataliona kabisa, ila mpita njia barabarani ataliona kama taa za kanisa zimewashwa.

Jambo jingine, na hili ni la Nairobi hasa: uliza ploti ya jirani ni ya nani. Nyumba ya ghorofa sita ikipanda mita chache kutoka ukutani, dirisha la thamani litakuwa picha ya kijivu milele. Na mwambie fundi mapema kama kutakuwa na grili nje. Vyuma vya grili hutupa kivuli juu ya kioo, na kivuli kikikatiza uso wa Kristo kila asubuhi, hakuna atakayekivumilia. Fundi akijua mapema, anapanga vyuma vifuate mistari ya madini ya risasi iliyoshika vioo, na jicho halivioni tena.

Mchungaji Mwema

Picha hii hukubalika haraka kuliko zote. Zaburi ya 23 imesomwa katika karibu kila mazishi niliyohudhuria, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kikamba. Mtu hahitaji kufungua Biblia ili kujua anachokiona. Pia haina ubaguzi: inamfaa mzee, kijana, mwanamume, mwanamke, mtu aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu aliyekuja kanisani mara mbili kwa mwaka. Familia yenye watu wa madhehebu tofauti itakubaliana hapa kabla chai haijapoa. Na inamtazama Kristo, haimtazami marehemu, jambo ambalo wachungaji wengi hulipenda, kwa sababu dirisha la kanisa hulitumikia kanisa zima.

Lakini kuna Mchungaji na Mchungaji. Mchoro tuliouletewa mwanzoni ulitolewa kwenye katalogi: mtu mweupe mwenye nywele za dhahabu, bakora iliyopinda kama kulabu, na kondoo mwenye sufu nene kama blanketi. Mzee mmoja wa kanisa, aliyechunga mifugo Kajiado akiwa mtoto, aliutazama kwa muda mrefu kisha akaweka kidole kwenye mkia wa mnyama. Mkia ulikuwa umesimama. Akasema huyo ni mbuzi aliyevishwa sufu, kwa sababu mkia wa kondoo hushuka na wa mbuzi husimama. Katika nchi yetu, ambako kondoo mwekundu wa Kimaasai ana manyoya mafupi yanayofanana na ya mbuzi, mkia ndio watu wengi hutazama kwanza. Nikakumbuka Mathayo 25, pale mchungaji anapobagua kondoo na mbuzi. Kwa mtu wa Kajiado mfano ule hauhitaji maelezo.

Mzee yule aliongeza neno ambalo tangu hapo limekaa nami. Zaburi inasema, "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Vitu viwili. Bakora ya katalogi ni kimoja. Mchungaji wa hapa kwetu hutembea na rungu na fimbo: rungu kwa fisi, fimbo kwa kondoo. Ukimchora hivyo, hukuongeza kitu kwenye Maandiko, umerudisha kilichokuwa kimeachwa. Na kama mchoraji anataka "maji ya utulivu" chini ya miguu yake, akumbuke kwamba jina la mji huu limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Kijito kinachopita chini ya dirisha kitakuwa nyumbani.

Tena angalia kondoo amebebwa wapi. Akiwa mabegani, hiyo ni Luka 15, kondoo aliyepotea akaonekana. Akiwa kifuani, hiyo ni Isaya 40, ambapo Bwana huwachukua wana-kondoo kifuani mwake. Picha mbili tofauti kabisa. Kwa familia iliyozika mtoto, naomba sana: kifuani. Mtoto hakupotea ili atafutwe. Hili ni jambo dogo kwa mchoraji, ni mkono mmoja kuuhamisha, lakini mama wa mtoto huyo ataliangalia kila Jumapili maisha yake yote.

Udhaifu wa picha hii ni kwamba haisemi lolote kuhusu aliyekumbukwa. Baada ya miaka thelathini, wakati wajukuu wetu wenyewe watakuwa na mvi, mtu atasoma jina la mama chini ya Mchungaji na hatajua alikuwa mwalimu, mkulima au nani. Na huenda kanisa lenu tayari lina Mchungaji kwenye bango la madhabahuni au kwenye kalenda ya ofisini.

Dorkasi

Habari zake ziko Matendo ya Mitume sura ya 9, aya ya 36 hadi 42. Alikaa Yafa, mji wa bandari. Jina lake kwa Kiaramu ni Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi, na Biblia yetu ya Kiswahili inaeleza palepale kwamba maana yake ni paa, yule mnyama mdogo mwepesi wa porini. Aliugua akafa. Wakamwosha, wakamweka orofani. Petro alipofika, wajane wote walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizozitengeneza alipokuwa pamoja nao.

Soma tena hapo. Hawakumwambia Petro alikuwa mtu mwema. Walimwonyesha nguo. Nafikiri ndiyo kumbukumbu ya kweli kuliko zote katika Agano Jipya: wanawake wameinua vitambaa, mshono uonekane. Mtu aliyeketi na fundi wa nguo anajua watu huinua vazi dirishani ili wauone mshono vizuri. Mama alifanya hivyo na kila sketi kabla ya kuifunga kwenye karatasi. Sasa waza picha hiyo ikiwa kwenye kioo, kanzu zenyewe zikipitwa na mwanga.

Hapo ndipo nilipohama kutoka kwa Mchungaji, na nilidhani shangazi angefurahi. Badala yake akavunja kimya chake kwa swali zito. "Mwanangu, huyu aliamshwa. Petro alimwambia, Tabitha, ondoka, akaketi. Wetu hakuamshwa." Mezani hapakuwa na wa kujibu. Ni kweli. Nusu ya pili ya habari hii ni muujiza ambao familia iliyofiwa iliuomba, ikaukosa, na kuuweka ukutani kunaweza kuwa kama kutonesha kidonda. Mchungaji wa kanisa letu alisikiliza, kisha akauliza kama ni lazima dirisha lionyeshe nusu ya pili. Hatukuwa tumeliwaza hilo. Dirisha moja huonyesha tukio moja. Tunaweza kusimama kwenye aya ya 39, na wajane na kanzu zao, kabla Petro hajapiga magoti. Yaliyofuata yanajulikana, na aliye na imani atayangoja.

Kwa hiyo ukimchagua Dorkasi, amua kwanza ni Dorkasi wa aya ipi. Mchoraji asipoambiwa, atachora kuamshwa, kwa sababu ndiko kwenye mikono iliyonyoshwa na miale.

Faida yake ni wazi: anamtaja marehemu bila kumchora. Naomba familia zisiombe uso wa marehemu uwekwe kwenye mwili wa mtakatifu. Nimeona ikifanyika, na baada ya miaka michache hakuna anayeweza kusali mbele yake, kila mtu anabishana kama pua ilifanana. Cherehani pia tuliikataa, ingawa kaka ndiye aliyeipendekeza kwa nia njema. Yafa ya Petro haikuwa na cherehani. Tuliomba sindano, uzi, mkasi kwenye pindo la chini, na paa mdogo kwenye kona, kwa ajili ya jina lake.

Hasara: si kila muumini anamjua. Watoto watauliza, na lazima mtu awajibu. Isitoshe, picha ya watu wengi inahitaji nafasi. Kwenye dirisha jembamba, wajane watano watabanana wawe kama foleni ya matatu. Wawili au watatu wanatosha. Na haimfai kila mtu. Kumweka Dorkasi kwa mama ambaye hakuwahi kushika sindano, kwa sababu tu alikuwa mwanamke mwema, ni kumvika nguo ya mwingine.

Nyingine tulizozipitia

Kama dirisha lenu liko magharibi, ulizeni kuhusu Emau, pale wanafunzi wawili walipomsihi Yesu aliyefufuka asiondoke, kabla ya yote: "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha." Jua la jioni litaieleza picha yenyewe. Kaburi tupu ni la mashariki kwa sababu hiyohiyo, wanawake walifika jua likichomoza. Msamaria Mwema anamfaa muuguzi, daktari, dereva wa ambulansi. Simeoni na mtoto Yesu mikononi ni wa mzee aliyekufa ameshiba siku.

Zakayo nilimpenda sana, ingawa hakuna aliyenifuata. Biblia inasema alipanda mkuyu, na mkuyu ule ni mti uleule unaoota kandokando ya mito yetu, ambao wengi husema ndio uliowapa Wakikuyu jina. Vivyo hivyo mti wa mshita wa sanduku la agano ni ndugu wa migunga ya Athi. Mchoraji wa Nairobi hana haja ya kunakili miti ya Uingereza.

Mti wa Uzima wa Ufunuo 22, wenye majani ya kuwaponya mataifa, ni chaguo la busara pale familia inapogombana, au pale kanisa halitaki sura za watu. Uchaguzi wa picha pia hutegemea aina ya kioo, na hilo linataka maelezo kidogo.

Kuna njia mbili kuu. Ya kale hutumia vioo vyembamba vilivyotiwa rangi kwa madini, kobalti ikitoa buluu na shaba ikitoa kijani. Nyuso na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nzito kisha huchomwa kwenye tanuri, kwa nyuzi joto zaidi ya 600, mpaka ishikamane na kioo. Vipande huunganishwa kwa vipande vya risasi, hutiwa lehemu kwenye maungio, na pati, yaani kijazio laini cha kuzibia, husukumwa ndani kuzuia mvua. Njia ya pili hutumia vioo vinene, kama sentimita mbili na nusu, vilivyokatwa kwa nyundo na kupangwa ndani ya zege. Vinawaka ajabu, lakini havibebi uso. Mti, mto, mwali, vinapendeza. Mchungaji atakuwa na kichwa kama tofali. Kwa hiyo Dorkasi na Mchungaji wote wanadai njia ya kale, na Mti wa Uzima unakubali zote mbili. Ng'ambo ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Kitengela, kuna karakana za vioo zilizoanzishwa na msanii Nani Croze ambako mtu anaweza kuona vioo vikifanyiwa kazi badala ya kuambiwa tu. Kuna njia ya tatu, stika iliyochapishwa ikabandikwa juu ya kioo cha kawaida. Ni rahisi, na jua letu huifubaza. Kwa harusi sawa. Kwa jina la mzazi, hapana.

Muulize fundi pia kuhusu buluu. Katika mwanga mkali buluu husambaa na kumeza rangi zilizo jirani, na kioo cheupe huumiza macho. Anayelijua jua la hapa atapunguza vyote viwili kwa kivuli cha rangi ya tanuri.

Nendeni mkatazame

Kabla ya kupiga kura, tulikwenda All Saints' Cathedral asubuhi na Holy Family Basilica mchana wa siku hiyohiyo. La kwanza ni la mawe, la mtindo wa Kigothi, lililosanifiwa na Temple Moore na kuwekewa jiwe la msingi mwaka 1917. La pili ni la Dorothy Hughes, lililokamilika miaka ya mwanzo ya 1960, la zege na mistari mirefu iliyonyooka. Ukikaa kimya nusu saa katika kila moja utaelewa kwamba picha ileile haiwezi kukaa kote kuwili. Jengo letu ni dogo, la mawe ya kuchonga na paa la mabati, na lilituonya tusitafute ukuu.

Liko pia dirisha ambalo nimeliona kwenye picha tu, na limenisaidia kuliko yote. Katika kanisa dogo la kijiji cha Tudeley, Kent, Uingereza, wazazi wa Sarah d'Avigdor-Goldsmid walitaka ukumbusho wa binti yao, aliyezama baharini mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Walimwomba mchoraji Marc Chagall. Dirisha lake la mashariki lilizinduliwa mwaka 1967, na hakuificha bahari. Sehemu ya chini ni maji ya buluu, msichana yumo ndani ya mawimbi, na juu kuna ngazi na Kristo msalabani. Hatimaye Chagall alitengeneza madirisha yote 12 ya kanisa hilo. Namtaja kwa ajili ya familia ambazo kifo kilikuja vibaya. Si lazima picha iwe ya malisho matulivu. Wapo wanaopata faraja pale ambapo ukweli umeachwa ukutani, na wapo wasioweza kuutazama. Ulizaneni wazi, na mpeni neno la mwisho yule ambaye jeraha lake ni kubwa kuliko la wengine.

Maneno ya chini

Yawe machache. Jina, miaka, na aya moja. Herufi ndefu kuliko kidole hazihitajiki, na orodha ya waliochanga kwenye harambee ikae kwenye daftari la kanisa. Kwa Mchungaji, aya huwa inajulikana hata isipoandikwa, basi nafasi hiyo mnaweza kuitumia kwa kazi ya marehemu. Kwa Dorkasi ni kinyume: andikeni "Matendo 9:39", ili mtoto anayeuliza apate pa kuanzia.

Sisi tumefikia Dorkasi, ukuta wa kusini, wajane watatu. Kaka alikubali Jumapili iliyopita baada ya kusoma sura yote kwa sauti, polepole, akasimama kwenye aya ya 39 mwenyewe bila kuambiwa. Kama mama angekuwa amefanya kazi nyingine, ningempigia kura Mchungaji, na rungu lake na fimbo yake.

Shangazi alikuwa amehifadhi mfuko wa mabaki ya vitambaa vya sare: maruni, buluu ya bahari, kijani cha chupa, na michirizi ya kijivu ya shule ambayo hata jina tumelisahau. Jumamosi tuliupeleka kwa fundi. Aliinua kitambaa kimoja kimoja dirishani kando ya vipande vya kioo, akitafuta vinavyofanana kwa ajili ya kanzu za wajane. Maruni aliipata mara moja. Buluu pia. Kijani bado anakitafuta.